Ukurasa wa Shukrani

Katuba, Lubumbashi
Tarehe 14 Juni 2024

Mpendwa yaya wangu Wivine,

Nakusalimu kwa upendo, wewe dada yangu mkubwa uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Hamjambo huko Kamina? Shemeji Godefroid, magoti yake yanasemaje na baridi hii? Mwanenu Keren je, amekubali kurudi shuleni au bado anasingizia tumbo? Sisi hapa tu wazima, ila vumbi la kiangazi linatukohoza, na mimi usingizi umenihama. Sababu utaisoma.

Lakini kwanza, mama aliyekuletea barua hii. Mpe maji ya moto aoge, mpikie bukari, umsongee unga mzito, maana siku zote za treni amekula mikate mikavu. Usimuulize maswali kwanza. Ni nani, nitakuambia huko chini, kwa sababu nataka uyapate mambo kwa mpangilio wake.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu siiamini tena. Juma hili imelia mara tatu kwa namba nisiyoijua, nikipokea mtu anapumua tu, kisha anakata. Labda ni mlevi. Labda si mlevi.

Unaijua tasnifu yangu ya udaktari, ile mnayoniuliza kila Noeli itaisha lini. Hapa katika idara yetu ya siasa mimi nachunguza jinsi watu wa vijijini wanavyosema "ndiyo" kwenye mikutano: nani anaitwa, nani anaulizwa, nani anatia sahihi. Mwaka jana nilikaa majuma matatu katika kijiji kimoja cha njia ya Kinsevere. Mashamba ya wajane yalikuwa yamepewa mfanyabiashara wa mjini, na kamati ya kijiji ilikuwa na karatasi inayoonyesha kwamba wote walikubali. Mjane aliyenilaza kwake, muuza maharage kando ya barabara, aliniambia kwamba kwenye karatasi ile kuna sahihi ya mume wake. Mume huyo alizikwa miaka miwili kabla ya mkutano. Yaya, alinipeleka hadi kaburini nikaona tarehe kwenye msalaba kwa macho yangu.

Nilimwahidi kwamba jina lake halitajulikana. Katika sura ya tatu nikamwandika "Shahidi wa Saba, mjane", basi.

Mwezi uliopita idara iliandaa mjadala wa wazi juu ya kazi yangu. Ukumbi ulijaa, wanafunzi wakakaa mpaka madirishani. Nilisema vizuri, sijisifu, hata Profesa Clément anayenisimamia aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika, naye si mtu wa kuridhika. Ilipofika zamu ya maswali, akasimama bwana mmoja nyuma kabisa, koti la kijivu, viatu vinang'aa. Hakuuliza swali. Alisema hivi, nayakumbuka maneno yake yote: "Huyu témoin wenu, shahidi wa saba, sisi tunamujua. Njo ule mama anauzishaka maharagi pa njia ya Kinsevere. Anasema bwana yake alikufaka, lakini papier iko na signature." Halafu akalitaja jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, akakaa.

Watu walikuwa wakipiga makofi, sijui wakimpigia nani.

Tangu siku ile nikaanza kuhesabu watu. Walioijua sura ya tatu pamoja na safari zangu za kijijini walikuwa watatu: Profesa Clément, Tracy katibu wa idara, na Hénoc, msaidizi mwenzangu tunayegawana ofisi. Profesa ana miaka ishirini na mitano ya kuogopa wakubwa, lakini vilevile ni mvivu, hasomi mpaka mwisho. Tracy anapiga chapa bila kuangalia maana. Nikabaki na Hénoc. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikakumbuka kwamba aliwahi kuniuliza teksi za kwenda kijijini huwa zinaondokea wapi. Kwa nini aulize? Nikakumbuka viatu vyake vipya. Daftari zangu nikazihamishia nyumbani, nikazizika ndani ya mfuko wa unga. Droo ya ofisini nikaifunga kwa uzi mweusi nione kama utakatika. Karanga alizozoea kunigawia saa nne nikazikataa, nikasema nafunga. Yaya, nilifunga majuma mawili.

Siku ya kikao cha idara nikashindwa kuvumilia. Nikasimama nikasema mbele ya wote kwamba humu ndani kuna muuzaji wa watu, na nikamtazama Hénoc mpaka kila mtu akajua namsema nani. Hakupandisha sauti. Alivuta kutoka mkobani nakala moja ya sura yangu, kati ya zile ambazo Tracy aliziweka mlangoni mwa maktaba juma moja kabla ya mjadala ili watu waje wamesoma. Akafungua ukurasa wa kwanza kabisa, akanisogezea.

Ulikuwa ukurasa wangu wa shukrani.

Unajua sisi tulivyolelewa. Mama alikuwa anaturudisha njiani kama tumekula kwa watu tukaondoka bila kuwashukuru mmoja mmoja kwa majina. Na hapa chuoni, tasnifu isiyo na shukrani ndefu inaonekana imeandikwa na mtoto wa porini. Kwa hiyo nilianza na Mungu, nikaja kwa Profesa, nikaja kwako na shemeji, na mwisho nikaandika: nafasi ya pekee kwa Mama fulani, jina kamili na kijiji, aliyenilaza majuma matatu na kunilisha maharage yake ya kando ya barabara. Niliuficha uso wake katika sura ya tatu, nikaubandika mlangoni. Na ni mimi niliyemfuata Tracy mpaka kwenye mashine ya nakala kumwambia asiusahau ukurasa huo, nisije nikaitwa mtu asiye na adabu.

Aibu niliyoiona siku ile sitaki kuiandika. Hénoc nimemwomba msamaha. Alisema yamekwisha, akanipa karanga. Alisamehe upesi mno kwa ladha yangu, lakini nimekula.

Siku tatu baadaye mama mwenyewe akafika hapa Katuba, na mfuko wa maharage kichwani. Watu wawili wa kamati walikuwa wamevunja kibanda chake, wakamwambia kijiji hakimjui tena. Alikuja kwangu kwa sababu mjini hana mwingine. Nikampigia magoti sebuleni, nikamweleza kila kitu, kwamba si mtu mwingine aliyelitoa jina lake, ni mimi. Yeye hajui kusoma. Alisema: "Leta ile karatasi, unisomee."

Nikamsomea. Akaniambia nirudie pale penye jina lake. Nikarudia. Akasema: "Ulisema muzuri. Hakuna muntu aliandikaka jina yangu, ni padri tu siku ya batême." Yaya, angenitukana ningepona.

Sasa Profesa Clément ananishauri niitoe sura ya tatu yote, nisubiri mwaka mmoja "hali itulie". Sauti yake ilikuwa ya baba, lakini juzi nilimwona kwenye maegesho akiagana na koti la kijivu kwa mikono miwili. Inawezekana alikuwa akimtuliza. Sijui, na sitamuuliza, maana nimejifunza kwamba sijui kuuliza. Nilichofanya ni kumuuliza mama. Alijibu: "Ile ya bwana yangu uiache vile. Alikufaka kweli." Basi sura ya tatu inabaki, na mimi nitaitetea mwezi wa tisa, Profesa apende asipende.

Ombi langu sasa umeshalijua. Mama uliyempa maji ya kuoga ndiye yeye. Mkae naye mpaka nitakapopata mwanasheria wa kuaminika, kama wapo. Kipande cha nyuma cha kiwanja chenu kinatosha matuta mawili ya maharage, na mbegu amebeba mwenyewe. Majirani waambie ni mama mkwe wa rafiki. Akija mtu wa Lubumbashi mwenye viatu vya kung'aa anauliza uliza, wewe humjui, hata mimi hunijui.

Mnisalimie sana shemeji Godefroid, mwambie reli aliyoitumikia babu imetusaidia tena. Mwambieni Keren tumbo halimalizi shule. Mungu aufunike mlango wenu na kila anayelala nyuma yake.

Jambo la mwisho, usikasirike. Tasnifu itakapochapishwa utafungua ukurasa wa shukrani na kuukuta mweupe. Jina lako nimelifuta, na la shemeji, na la kila mtu aliyewahi kunipa sahani ya chakula. Sikuona njia nyingine ya kuwashukuru.

La mama pia sijaliandika, hata humu. Akishaoga na kushiba, muulize wewe, kisha umwite kwa jina hilo kila asubuhi.

Wako akupendaye siku zote,
mdogo wako Jeanne