Kengele Niliyoimimina

Jumatatu, 9 Juni

Bushi za mashine ya kusaga, zile pete za shaba za kuzungushia mhimili, zimetoka salama, isipokuwa moja yenye tundu. Nimeirudisha kwenye chungu cha kuyeyushia. Mgongo unauma. Mchana nilikwenda Buzuruga kwa wauza vyuma chakavu, kutafuta nyaya za shaba kwa ajili ya kengele ya kigango chetu. Mmoja alitaka kunibambikia vipande vya shaba ya njano, eti ni vilevile tu. Kaona gauni, kadhani sijui kitu. Nilimcheka mpaka akavificha mwenyewe.

Kengele ni shaba nyekundu na bati. Si bati la paa, ni yale madini meupe laini. Sehemu nne za shaba, moja ya bati. Bati likishaingia linaikaza shaba, na ndilo linaloifanya ilie. Ukilizidisha, kengele inapasuka kama kigae. Marehemu baba alinifundisha hivyo. Hapa Mkuyuni hakuna mwingine anayeiweza kazi hii, na sioni haya kuliandika hilo.

Alhamisi, 12 Juni

Katekista ametangaza kwamba kila familia ilete kipande cha chuma, ili kengele iwe ya wote. Hakuniuliza. Tangu asubuhi watu wanaingia karakanani na vijiko, vitasa, vifuniko vya sufuria, hata pistoni ya pikipiki. Napokea kwa tabasamu, nashukuru, naweka nyuma ya mlango. Nitavitumia kutengenezea nguzo ya kuitundikia kengele. Hakuna atakayejua wala kuumia.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeimimina leo.

Moto ulikubali mapema. Akina mama waliimba, katekista akaomba. Nilichota kidogo, nikakipoza kipande cha kujaribia, nikakivunja. Punje ndogondogo, kijivu safi. Baba angekipenda.

Ndipo akaja Mama Kabula, mjane anayeuza mboga sokoni. Mumewe alikuwa mvuvi, alifariki mwaka jana. Wavu uliuzwa kulipia matibabu, vikabaki vile vipande vya madini ya risasi vya kuuzamisha majini. Alikuja navyo ndani ya kanga, akataka avitie kwa mkono wake, avione vikiyeyuka.

Risasi ni nzuri kwenye bushi, inateleza. Kwenye kengele ni balaa. Haichanganyiki na shaba. Zikipoa pamoja inabaki matone ndani yake, kama mafuta kwenye supu, na mlio ukifika hapo unafia hapo. Haya nayajua tangu sijavunja ungo.

Nilitakiwa kumwambia. Maneno machache tu, kwa upole, kando. Lakini watu walikuwa wananitazama na mimi napenda kutazamwa vizuri. Nikasema, "Tia, mama." Akatia. Vigelegele.

Sikuchukua kipande cha pili cha kujaribia. Nilijua nitakachokiona.

Jumatatu, 16 Juni

Nimebomoa kalibu ya udongo niliyomiminia. Umbo zuri mno, halina kovu. Nimeipiga msasa mpaka inang'aa. Nyundo ya kuijaribia mlio sijaigusa. Mwoga.

Jumapili, 22 Juni

Imetundikwa. Watu wamevaa kana kwamba ni Pasaka. Katekista akavuta kamba.

Ko.

Akavuta tena kwa nguvu zake zote. Ko. Kama umegonga dumu lililojaa maji. Watoto wakaangua kicheko, mama zao wakawafinya. Mwenyekiti wa kwaya akanigeukia mbele ya kigango kizima, akaniuliza kulikoni, Mama Fundi.

Nikajibu, "Mliniletea risasi. Risasi inaua sauti."

Kweli tupu. Na wote walikumbuka aliyeleta risasi ni nani. Vichwa viligeuka upande mmoja. Mama Kabula alijifunika kanga vizuri mabegani, akaangalia chini. Kabla ya sadaka alikuwa ameshaondoka.

Mimi nilibaki mpaka mwisho. Nilipewa hata pole.

Jumanne, 24 Juni

Genge la Mama Kabula halijafunguliwa jana wala leo. Nimewasikia wanawake sokoni wakisema ametia mikosi ya marehemu ndani ya kengele. Mmoja alinishika mkono akanionea huruma, fundi mzima kuharibiwa kazi. Nikanunua nyanya, nikaondoka.

Nina aibu. Si ya kengele. Kengele mbovu ningeimeza. Nimemwaga aibu yangu juu ya mama wa watu ambaye hajui shaba wala risasi, aliyeleta alichokuwa nacho. Aliyejua ni mimi peke yangu.

Ijumaa, 27 Juni

Nimepanda kule juu kwenye mawe anakokaa. Nilimkuta anachambua maharage. Nikapiga goti, nikamwamkia. Aliitikia marahaba bila kuacha kuchambua. Nikamweleza yote, pamoja na kile kipande ambacho sikukivunja.

Akauliza jambo moja tu: je, naweza kuvitoa vile vipande vya mume wake nimrudishie?

Siwezi. Kwenye chungu changu risasi ikishaingia haitoki. Hata nikiiyeyusha upya, nitamimina kitu kilekile. Nikamwambia. Hapo ndipo mikono yake iliposimama.

Nililia. Hakunibembeleza, na alikuwa na haki. Baadaye akasema, "Mwanangu, haya uliyoniambia mimi, kawaambie wale."

Jumapili, 29 Juni

Nimesema. Nilisimama baada ya matangazo. Nikasema nilijua kabla hajafungua kanga. Nikasema nilimruhusu ili nionekane mwema, kisha nikamtupia lawama ili nionekane fundi. Yule mama aliyenipa pole sokoni alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikasema nitaivunja kengele na kumimina nyingine kwa shaba yangu. Katekista akaafiki. Mama Kabula alikuwa benchi la nyuma kabisa, sikumwona alivyoingia. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Iacheni hivyo hivyo. Mume wangu naye hakuwa na sauti kubwa."

Watu walicheka, taratibu, kisha wakaacha. Haikuvunjwa. Ningependa angenitukana. Aibu ingekuwa rahisi kuibeba.

Jumapili, 6 Julai

Baridi asubuhi, ziwa limefunikwa na ukungu. Genge limefunguliwa tangu Jumanne. Nimenunua mchicha kwake mara mbili, tukaongea habari za mchicha.

Kengele inasikika mpaka duka la pembeni, haivuki barabara. Anayetaka kuisikia lazima afike mapema. Leo nimefika mapema. Mama Kabula alikuwa ameshakaa kwenye benchi la dirishani, karibu kabisa na kengele. Hakunitazama. Alisogeza mkoba wake, nikakaa.