Kwa Nini Ukumbi Unaitwa Chewa

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama mdogo anasema umeyakataa magongo, wala sikushangaa. Huku sote wazima. Jumapili ukumbi ulifurika hadi watu wakachezea mchangani.

Mbia mpya yuko tayari kuingia na pesa za kuziba paa, ila jina limemkaa kooni. Anasema nani atakuja kucheza dansi mahali panapoitwa Chewa, kama genge la samaki? Anataka "Lulu ya Bahari". Fundi wa mabango anaanza Jumamosi. Naomba baraka zako.

Bintiyo

9 Machi

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Mguu unauma, mdomo mzima.

Lulu ni mke wa nani? Nisikilize. Usichanani nilipiga tarumbeta kwenye hoteli iliyokuwa hapo jirani. Siku moja meneja alinikatiza katikati ya wimbo, mbele ya wageni. "Mwanamke akivimbisha mashavu hivyo ni chewa mtupu. Kesho njoo uoshe vyombo." Watu wakacheka. Mpiga gitaa, mchumba wangu, naye akacheka.

Sikuosha hata kijiko. Mchumba nilimwacha hapohapo na gitaa lake. Nikakodi banda la mbao ng'ambo ya ukuta wao, nikaandika CHEWA kwa rangi nyekundu, herufi zimelikodolea macho dirisha la meneja. Nikapuliza kila jioni, mpaka wageni wake wakawa wanaruka ukuta kuja kwangu.

Alinipa jina nione haya. Basi kila anayetaka kucheza na apite chini yake. Mbia pia.

Shangazi yako

20 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako ilinikuta fundi keshafuta herufi mbili. Nikamshusha ngazini. Mbia akasema, "Chagua, jina au mimi." Nikamwonyesha mlango. Paa litaendelea kuvuja, tutasogeza meza.

Fundi aliuliza aandike upya kwa ukubwa gani. Nikamwambia lisomeke kutoka majini.

Mbona hukuwahi kuniambia?

Bintiyo

24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hukuwahi kuuliza, ulizaliwa ukalikuta, ukadhani ni samaki.

Daktari kaniambia nisitoke kitandani. Nimemwitikia kwa adabu zote. Ijumaa nakuja na basi. Waambie bendi waniwekee kiti jukwaani, mbele, si pembeni. Meno yamepungua, lakini mashavu ninayo yote mawili.

Shangazi yako,
Chewa mwenyewe