Springi nilizochagua

Déo, nimetoka kumzika papa sasa hivi. Siwezi kupiga simu, nitalia.

Unakumbuka kule gereji ya Nyamitanga, tulipochagua springi za pikapu yangu? Papa alisema, "Aimable, weka laini. Gari litabeba na watu." Nikamcheka! Nikamwambia mahindi hayalalamiki. Nikafunga zile ngumu kabisa.

Leo nimemtoa Mbarara kwa pikapu hiyo hiyo. Nyuma ni jeneza tu, na mama amelishika. Gari jepesi, Déo. Kila shimo linarusha. Kila shimo!

Mama akapiga paa kwa kiganja: "Aimable! Unamtikisa baba yako!"

Nikapunguza mwendo mpaka baiskeli zikatupita. Akapiga tena. "Unamtikisa!"

Kufika Base Camp, pale kambini kwetu, nikasimama, nikashindwa kuendelea. Majirani walikuwa wanatungoja barabarani. Mzee Astère akaniuliza, "Springi ngumu?" Nikaitika kwa kichwa. Akawageukia watu: "Pandeni, gari linataka uzito."

Wakapanda, wakalizunguka jeneza. Gari likatulia. Likatulia kabisa, mpaka makaburini.

Mimi ninayejigamba kwa mashairi, nilikosa hata mstari mmoja. Nilisema tu: "Papa, gari limebeba watu."