Mzee Aliyenipa Sura Zote Zinazocheka

Nyumba za Wauguzi,
Chumba Na. 9.
Jumapili, tarehe 14 Julai.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo nyingi, na unisamehe kwa kukuweka muda mrefu bila barua. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniandikia kwamba likianza kuuma hulali, nami nikajua tu kwamba bado unabeba ndoo mwenyewe badala ya kumwita mtu. Na macho je, ile miwani mipya uliipata? Mimi mwili ni mzima, sina homa wala kikohozi. Roho ndiyo haijatulia, na ndiyo maana nakuandikia wewe kabla ya mama.

Kwanza nikuchekeshe kidogo, maana najua hupendi barua inayoanza kwa kilio. Tangu uongozi mpya uingie hospitalini kwetu, hatuna tena wagonjwa. Tuna wateja. Tangazo limebandikwa kila mlango kwamba neno "mgonjwa" lisitamkwe. Juzi nilimsikia mlinzi wa getini akiwauliza watu waliombeba mama aliyezimia kama mteja wao amefuata huduma gani. Mimi, Shangazi, sijaona bado mtu aliyekuja kununua mguu uliovunjika.

Pamoja na neno hilo ikaja fomu. Kila Jumatatu wagonjwa wanaulizwa maswali sita kuhusu kila mtumishi, na mbele ya kila swali kuna sura tano zilizochorwa, kuanzia inayocheka hadi iliyonuna. Je, alitabasamu? Je, alikusikiliza? Swali la sita ndilo lililonimaliza mimi: Je, ulipumzika bila kusumbuliwa? Majibu yanajumlishwa na kubandikwa ukutani karibu na dirisha la dawa, kila mtu na nafasi yake. Mwezi wa kwanza mlinzi wa getini alitupita sote, maana yeye hachomi mtu sindano.

Nilikukumbuka wewe na ukunga wako. Akina mama walikutukana wakati wa uchungu, na kesho yake wakampa mtoto jina lako. Ingekuwa siku hizi, ungebandikwa ukutani kabla hawajafika hiyo kesho.

Basi mimi nikawa wa mwisho, miezi miwili mfululizo. Unanijua, sina mkono wa kubembeleza. Aliyepasuliwa tumbo namtaka akohoe ingawa anaumia, na anayetaka kulala siku nzima namketisha. Metroni aliniita ofisini akafunga mlango. Si mtu mbaya, naye ana wakubwa wake. Akaniambia mkataba wangu unakwisha mwezi wa nane, na karatasi ya ukutani itakayofuata ndiyo itakayotazamwa. 

Hapo ndipo alipoletwa Fundi. Tunamwita hivyo kwa sababu ni fundi cherehani, mzee mwembamba mwenye adabu zake, aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga. Wewe huhitaji kuambiwa kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kujigeuza, na asipogeuzwa kila baada ya saa mbili, nyama ya chini inakufa. Kitandani kwake tumetundika karatasi ya kugeuza. Ukishamgeuza unaandika saa na kutia sahihi.

Siku ya kwanza nilimgeuza, akalia. Siku ya pili aliniona nikija, akafumba macho, akaniambia, "Binti yangu, leo niache nipumzike." Neno hilo lilinikuta pabaya. Nikaliona swali la sita, nikauona na mkataba wangu. Nikamfunika shuka vizuri, nikatabasamu, nikatia sahihi. Saa mbili baadaye nikatia nyingine. Nilifanya hivyo siku tano, zamu nzima ya asubuhi, na kila siku nilijipa moyo kwamba wa zamu ya mchana atamgeuza.

Na kweli alimgeuza. Mwenzangu huyo tunamwita Mama Pole, kwa kuwa hamgusi mtu bila kusema pole. Lakini zamu yao ilikuwa na watu wawili kwa vitanda ishirini na nane, na pale aliposhindwa kumfikia mzee, aliacha nafasi wazi kwenye karatasi. Hakuandika ambalo hakulifanya. Upande wangu ulijaa sahihi kama daftari la mahudhurio.

Jumatatu iliyopita fomu zikakusanywa. Mama Pole alipata sura zilizonuna kwa Fundi. Mimi nilipata zinazocheka, zote sita, na chini yake mzee ameandika kwa mwandiko wake mzuri: "Huyu binti hakunisumbua hata mara moja." Metroni aliisoma mbele ya watumishi, wakapiga makofi. Nikatangazwa Mhudumu Bora wa Mwezi, picha yangu itundikwe mlangoni, na cheti nikabidhiwe Ijumaa. Nami kwa ujinga wangu nikampigia mama simu siku hiyo hiyo. Alifurahi mno.

Jumanne, Mama Pole alipokuwa akimwosha mzee, alikuta kidonda chini ya kiuno. Kina upana wa kiganja, na katikati ni cheusi. Nimekiona, Shangazi, na harufu yake bado ninayo puani ninapoandika. Alikuwa apasuliwe nyonga Alhamisi. Sasa ana homa, upasuaji umeahirishwa, na daktari hataki kusema utafanyika lini. Mkewe alinishika mkono akanishukuru kwa kumtunza mumewe vizuri. Nilishindwa kumtazama usoni.

Uongozi ukaitaka ile karatasi ya kugeuza. Sahihi zangu zimekamilika, nafasi zilizo wazi ni za Mama Pole. Ungetarajia nini? Jumatano alipewa barua ya kujieleza kwa uzembe, na zile sura zilizonuna zikaambatanishwa kama ushahidi. Mimi nikaambiwa niandae maneno machache ya kusema siku ya cheti, juu ya namna ya kumridhisha mteja. Nimevikwa kilemba cha ukoka, nami niliinamisha kichwa nivikwe.

Alhamisi nilimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ameketi na barua yake mapajani. Hakunishuku hata kidogo. Aliniomba mimi nimsaidie kuandika maelezo, kwa kuwa najua kupanga maneno na wakubwa wananisikiliza sasa. Nikachukua kalamu. Nikaandika tarehe, nikaandika jina la metroni, nikaandika kwamba mgonjwa wa kitanda cha kumi na moja hakugeuzwa asubuhi kwa siku tano. Nilipofika katikati ya ukurasa nikaona maelezo haya si yake, ni yangu. Nikayamaliza, nikatia sahihi yangu, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akavaa viatu, akatoka, na hakusema pole.

Ijumaa asubuhi nilimpelekea metroni barua yangu hiyo. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama najua nimejifanyia nini, nikamjibu kwamba ninajua. Akaifungia kwenye droo. Cheti hakikutolewa, watu wakaambiwa mgeni rasmi amepata udhuru. Jibu langu nitapewa kesho. Sina tumaini kubwa, na silali vizuri. Nitakudanganya nikisema siogopi.

Lakini kuogopa metroni ni kitu kidogo. Jana nilikwenda kwa Fundi mwenyewe. Nilivuta kiti nikamweleza yote, fomu, mkataba, zile sahihi, bila kupunguza. Nilitaka anitukane. Alitazama dari, mkewe pembeni ameshika kikombe cha uji hajui akiweke wapi.

Halafu akaniambia, "Ile karatasi niliijaza kwa moyo mmoja. Sikujua nasifia nini."

Nikainuka niondoke, nikiamini hatataka kuniona tena. Akaniita.

"Saa mbili zimetimia," alisema. "Nigeuze."

Nikamgeuza. Alipiga kelele wodi nzima ikageuka, akaniita mkatili, akaniita majina ambayo siwezi kukuandikia wewe. Sikumwachia. Nilimwekea mito mgongoni, nikatazama kidonda, nikaandika saa, nikatia sahihi. Baada ya saa mbili nikarudi, akanitukana upya. Sikuwa hata na zamu jana.

Sasa Shangazi, nina ombi moja tu, na ndilo lililonikalisha mezani. Mama amekwishawatangazia watu wote kuhusu ile picha, mpaka jirani yake wa mbele ameniandikia ujumbe wa pongezi. Mimi kwa simu sitaweza, nitaanza kupunguza na kuongeza. Naomba umwendee wewe wifi yako, mkae wawili, umwambie picha haitatundikwa. Sababu usimfiche. Akiuliza kama nimefukuzwa, mwambie bado sijui. Akisema mwanawe hawezi kufanya jambo kama hilo, usikubaliane naye.

Nisalimie Mjomba Mrefu na umwambie nakumbuka deni langu la kumtembelea. Wasalimie pacha wa dada, mkubwa na yule anayejiona mkubwa. Watu wote wa nyumbani wape salamu zangu, wanaoniulizia na wasioniulizia.

Mungu akulinde, akupe usingizi wa kutosha na akuponye goti. Uniombee na mimi. Na kabla hujaniombea mimi, mwombee mzee wa kitanda cha kumi na moja, homa yake ipungue.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye kwa dhati,

Muuguzi wako.