Chupa Zangu Kando ya Chungu cha Togwa

Mama mpendwa, shikamoo. Nakuandikia kutoka Mpepai huku natetemeka, nusu baridi, nusu mshangao.

Wale bakteria niliowachota kwenye dimbwi la kulowekea muhogo kule Lundo, ziwani, niliwapandisha huku milimani kwenye chupa za uji mwepesi. Nataka watoe kimeng'enya kinachoyeyusha wanga, kile kinachotiwa kwenye sabuni za kuondoa madoa ya uji. Wakagoma! Nikawabadilishia chakula, nikapunguza uchachu, nikawatikisa mpaka mkono ukauma. Kila nikidondoshea iodini, uji unakuwa mweusi tii: wanga uko vile vile. Nilitaka kuwamwaga.

Jana mwenyeji wangu, Mama Thekla, alikifunika chungu chake cha togwa kwa nguo nzito, akakisogeza karibu na mafiga. "Kwa baridi hii haichachuki," akasema. Nikamwomba nafasi ya chupa zangu.

Leo asubuhi uji umekuwa kama maji. Nikadondoshea iodini, ukabaki rangi ya chai. Mama Thekla akafanya ishara ya msalaba.

"Nani kaula?"

"Wamo humu humu, Mama. Hawaonekani kwa macho."

Akainamia chupa kama anayechungulia kitanda cha mtoto, akanong'ona, "Basi tusiwapigie kelele."

Kumbe walikuwa wanasikia baridi tu, watoto wa ziwani.

Mungu akutunze, Mama. Na lile blanketi ulilonilazimisha kubeba, usiniulize. Wamelala nalo wao.

Mwanao, Neema