Wachungaji Wawili Waliorukwa

Fuentelmonte,
Soria, Hispania.
16 Februari 2017.

Mpendwa mwanangu Leocadia,

Nakuomba radhi kwa kimya changu kirefu. Barua yako ya Oktoba ipo hapa mezani, na kila nilipokaa kuijibu niliishia kuandika tarehe tu, kisha kalamu ikawa nzito. Mwanafunzi angeniletea udhuru kama huu ningemrudisha nao kwao. Wewe upokee ulivyo.

U hali gani huko ng'ambo Rosario, na mumeo Anselmo hajambo? Kifua cha mtoto kimepona? Asivue soksi hata kama ni kiangazi kwenu. Huku maji ya bomba la uani yameganda. Mimi ni mzima, ukiondoa magoti, ambayo siyahesabu tena kuwa yangu.

Mama Casilda, jirani yenu wa zamani, amemwozesha binti yake wa mwisho. Harusi ilikuwa fupi na kasisi alikuwa na mafua.

Uliuliza kama bado tunaendelea na kitabu cha watawa. Tunaendelea. Kila Jumanne alasiri tunakutana chumba cha juu cha maktaba, wastaafu watupu, na kunakili ile tarihi ya wafalme iliyoandikwa kwa mkono kwenye monasteri ya bondeni kabla ya babu za babu zetu. Chuo kikuu hutuletea picha za kurasa. Kila ukurasa hunakiliwa mara mbili na watu tofauti, wasioonyeshana, kisha mimi hulinganisha nakala zile mbili na picha yenyewe. Kanuni yetu nimeibandika ukutani: Andika unachokiona, si unachokijua. Herufi za mtawa yule zimebanana kama punje za komamanga, na baadhi ya siku hurudi nyumbani nikaziona zinaelea kwenye supu. Nimechoka, mwanangu. Tangu katikati ya mwaka jana nimebaki nyuma, na nakala ambazo sijazilinganisha zimejaa kiti kizima.

Sasa nifike kwenye jambo lililoninyima kalamu. Linamhusu baba yako.

Unajua kwamba Eutimio ndiye msomaji wetu bora. Mwaka jana alisema mkono unamtetemeka, kwa hiyo yeye husoma kwa sauti na Basilio, yule aliyekuwa tarishi wa posta, huandika. Nakala ya pili huandikwa na Obdulia, mjane wa mwokaji, kwenye meza ya dirishani. Wiki tatu zilizopita Basilio alikosea, akamwekea baba yako picha isiyo ya zamu yake, yenye farasi aliyechorwa pembeni. Baba yako akaanza kusoma bila kusita.

"Eutimio, bwana wee," Basilio akasema, "mimi hapa naona farasi, wewe unanisomea mazishi ya askofu!"

"Mwache mwenzio," Obdulia akadakia. "Divai ya mchana hiyo inasoma."

"Nyinyi mnasoma kwa macho," baba yako akajibu, "mimi nasoma kwa pua. Andika, Basilio, askofu anaoza."

Chumba kizima kilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alipokuwa akimtaja askofu, kidole chake kilikuwa juu ya mguu wa farasi.

Siku ya pili nilikitoa rafuni kile kitabu kilichopigwa chapa na kasisi mmoja wa hapa, enzi za ujana wa babu yako. Ni tarihi hiyohiyo. Babu yako alimsomesha Eutimio kitabu kile kila baada ya chakula, mpaka mtoto akakihifadhi chote. Nilikiweka kando ya picha na kando ya nakala za baba yako. Kwenye picha, mfalme anapovusha kondoo wake mto Duero, wachungaji wawili ndugu wanachukuliwa na maji, na mtawa anawataja kwa majina. Kasisi aliwaruka, sijui kwa haraka au kwa uchovu. Baba yako naye amewaruka. Nilitazama mahali pengine kasisi aliporuka, nikakuta baba yako ameruka papo hapo. Kwa Obdulia, ambaye kila mtu humtania kwa mwandiko wake, wachungaji wapo.

Nilikwenda kwa baba yako. Alikuwa akimenya vitunguu saumu, uso ameuelekeza ukutani.

"Dada, umekuja kunisahihisha?"

"Nimekuja kukuuliza. Unaona, Eutimio?"

Alimenya kitunguu kile mpaka mwisho. "Sioni. Mwanga naujua, na wewe nakujua kwa hatua zako, maana unatembea kama askari. Basi."

"Tangu lini?"

"Tangu sikukuu ya Mtakatifu Yohane, Juni iliyopita. Jicho la kushoto lilitangulia, la kulia likamfuata mwenzake kama kondoo."

"Na kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, dada? Jumanne ndiyo siku pekee ninayonyoa ndevu."

Nilichukua kisu, tukamenya pamoja.

Sasa unaona nilipo. Kazi yetu inakwenda chuo kikuu mwishoni mwa Machi, na nakala za kile kiti sitazimaliza kulinganisha peke yangu kabla ya hapo. Nikinyamaza, kurasa zake zitakwenda na makosa ya kasisi, na kanuni ya ukutani ni afadhali niibandue. Nikisema, hatapanda tena ngazi ile, na wewe umekulia hapa, unajua huwa nini kwa mwanamume mjane anayeacha kutoka nyumbani wakati wa baridi. Nilifikiri tumpe kazi nyingine, awe anatusikiliza na kutusaidia tunapokwama. Lakini kichwa chake kimejaa kitabu cha kasisi. Kila tutakapokwama atatujibu kwa anachokijua, nasi tutamwamini kwa kuwa tunampenda. Kwa daktari wa macho mjini Soria anakataa kwenda. Anasema haendi kulipia habari aliyonayo tayari.

Tumekubaliana hivi: mpaka Jumatano ya Majivu, Kwaresima inapoanza, awaambie wenzake mwenyewe, ama sivyo nitawaambia mimi. Alisema pia, "Usimwandikie Leocadia. Atapanda ndege." Sikumwahidi. Nawe usipande ndege. Mpigie simu Jumapili, usiyataje macho. Mwulize tu habari za Jumanne, kisha umsikilize.

Nilipofika mlangoni aliniita. "Wale wachungaji, waliitwa nani?"

"Munio na Yagüe."

Aliyarudia majina yale mara mbili, polepole, kama alivyokuwa akirudia somo mbele ya babu yako. Sasa nao amewahifadhi.

Obdulia na Basilio wanakusalimu, na Mama Casilda pia. Nisalimie Anselmo, na umbusu mtoto paji la uso kwa niaba yangu. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri kuliko wangu. Uamuzi ukishatolewa, uwe wa baba yako au wangu, nitakuandikia siku hiyohiyo, na safari hiyo sitaishia kwenye tarehe.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye hata ninaponyamaza,

Visitación