Kisutu Chako Kimepanda Treni

Riverdale Park, Maryland

Mama yangu, shikamoo. Na nyingine ya wiki iliyopita ambayo sikupiga simu. Hujambo? Goti bado linakusumbua? Baba naye shikamoo yake, kikohozi kimepungua? Dada Zuhura, wewe unayemsomea mama, usiruke mstari! Shemeji Bakari, wanenu wote, na jirani yetu Bi Mwanahawa, nawasalimu. Sisi wazima. Mimi bado napika kule shuleni, baba Salma hajambo.

Mama, kuna jambo nimelifanya, nataka ulisikie kwangu kabla hujaliona kwenye simu ya mtu.

Unajua Salma katimiza miaka kumi na saba. Kiswahili anakisikia, akinijibu ni Kiingereza. Nikivaa kanga wakaja wenzake, ananiambia nikabadilishe. Inaniuma, nabadilisha. Sasa kapata shoga, anaitwa Ayu, binti wa Kiindonesia, Mwislamu mwenzetu. Siku ya kwanza kauchukua mkono wangu akauweka kwenye paji la uso wake, ndiyo shikamoo yao. Nilitaka kulia. Lakini mambo yao! Wanakaa saa tatu na kikombe kimoja cha kahawa ya barafu na maziwa. Nikauliza wanangoja nini. Hawangoji kitu, ndiyo starehe ya vijana wa kwao, wanaiita nongkrong. Nikasema kumbe ni baraza tu, ila lina barafu.

Ayu akanionyesha kwenye simu vijana wa Jakarta: wamejifunga batiki za bibi zao, juu fulana, chini raba, wanapanda treni kwenda kutembea. Si harusi, si maulidi! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kumbe Salma hakucheka. Jumamosi natoka kazini, nakuta sanduku langu wazi, kisutu changu cha harusi kiko kitandani, na mkasi juu yake. Kanga ile ya kisutu uliyonifunga kwa mikono yako, ukaniapisha vipande viwili visitengane mpaka nimfunge binti yangu siku yake ya harusi. Nikapiga ukelele.

"Umekikata! Umeniua!"

Salma akaanza Kiingereza chake mbiombio, sishiki hata neno. Ayu, kumbe naye yupo chumbani, akasema kitu. Salma akanitafsiria, anaokoteza maneno:

"Anasema kitambaa ya bibi haikatwi. Mkasi ni ya fulana. Akikata kitambaa, bibi yake anamfukuza."

Kisha akaongeza lake mwenyewe: "Mimi nataka moja tu. Tunaenda Washington na wenzake. Nifunge, mama."

Miaka yote hii hajawahi kuniomba kitu kwa Kiswahili. Kipande kimoja kiko mkononi mwake, kingine kitandani. Nimpe, nivunje ahadi yako? Nimnyime, arudi kwenye Kiingereza chake?

Nikamfunga. Halafu kile cha pili nikajitanda mimi, nikavaa raba zangu za kazini.

"Mama, unaenda wapi?"

"Doti haiachani. Niliapa. Tangulia."

Basi tukapanda treni, mabinti saba na vitambaa vyao, mimi katikati kama kungwi. Nilikuwa nasema moyoni leo mwanangu atanionea aibu. Mama mmoja kwenye treni akatusifu, akauliza hizi nguo za wapi. Salma akanishika mkono, akamjibu ni za bibi yake, Tanga. Huko kwenye kahawa nimekaa saa tatu nzima, nikanywa mbili! Wale mabinti wananiita Tante, yaani shangazi.

Kisutu nimeshakifua kwa maji baridi. Kulikuwa na doa la kahawa, dogo tu, limetoka. Nimevikunja vipande vyote pamoja.

Jumamosi ijayo wanakwenda mji wa Columbia, na Salma kaniuliza, kwa Kiswahili, kama nitakuja. Nisalimie wote, na Salma anasema shikamoo bibi. Nijibu upesi, mama, kabla ya Jumamosi, nijue kama umekasirika. Kama hukukasirika, mtafutie mjukuu wako doti yake mwenyewe.

Jibu lije haraka. Doti isije haraka, nigawane naye hii kwanza.

Mwanao,
Mwanaidi